Bendi zilizoishi kwa kiingilio cha mlangoni

Miaka ya 1970 na 1980, mpiga gitaa wa Dar es Salaam aliyetaka mshahara wa uhakika alitafuta bendi ya shirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, UDA Jazz ya kampuni ya mabasi. Jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, polisi nao wakawa na Polisi Jazz na mtindo wao wa Vangavanga. Vyombo vilinunuliwa na mwajiri, na vilibaki kuwa mali yake hata mwanamuziki akihama.

Msondo, yaani NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, ni za mstari wa mbele katika historia hii, na wala sina ugomvi na anayezitaja kwanza. Leo lakini nataka kuwaelekeza wasomaji kwa bendi za upande wa pili, zile zilizokuwa za mtu binafsi au za wanamuziki wenyewe. Usiku wa Jumamosi ukipata watu wachache, wiki nzima inayofuata ilikuwa ya shida. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ujasiri wa muziki wetu wa dansi ilitoka huko.

Aliyewatangulia wote ninaowataja hapa alikuwa Morogoro. Salum Abdallah alianzisha bendi yake mwaka 1948, ile tuliyokuja kuijua kama Cuban Marimba, na akairekodia lebo ya Mzuri ya Mombasa. Masikio yake yalikuwa kwenye santuri za Kuba, ila Kiswahili chake kilikuwa cha pwani na cha mtaani, chepesi kuimbika. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaishika bendi. Msikilize Salum kwanza kabla ya wote. Tumba na gitaa haviko mbio, kila mmoja anamngoja mwenzake amalize, na sauti yake inaingia bila kupaza.

Marijani Rajabu ndiye ninayempenda kupita wote, kwa hiyo nitakaa kwake kidogo. Alipata jina akiwa na Safari Trippers, bendi ya mfanyabiashara, kwa nyimbo kama "Rosa Nenda Shule" na "Georgina". Baadaye akaongoza Dar International. Mwaka 1978, Mlimani Park Orchestra ilipoundwa chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, baadhi ya wapigaji wa Dar International walivutwa huko, akiwamo Abel Balthazar wa gitaa. Kwa bendi isiyo na shirika nyuma yake, pigo kama hilo lingetosha kuiua. Marijani alijaza nafasi zao akasonga mbele, na "Zuwena" ikapigwa nchi nzima. Sikiliza anavyoimba: hana haraka, anataja jina la mtu, anaeleza yaliyotokea hatua kwa hatua kama anayemsimulia jirani barazani, na gitaa la solo linajibu mwisho wa kila mstari. Halafu wimbo unachemka, na waliokuwa wamekaa wanainuka.

Vyombo vilipochakaa, hapakuwa na wizara wala shirika la kuagiza vingine. Fedha za kigeni zilikuwa adimu katika miaka ya 1980, na amplifaya moja iliweza kuwa ndoto ya miaka. Marijani, Jabali la Muziki kama mashabiki walivyomwita, alifariki mwaka 1995 akiwa maskini, na siku zake za mwisho aliuza kanda ili aishi. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni bado. Jambo hili linaniuma hadi leo, na sioni kwa nini lisiandikwe kila anapotajwa.

Maquis du Zaire walitafuta njia nyingine. Walitoka Kongo wakafika Dar es Salaam mwaka 1972, na badala ya kusubiri mwenye mali, wanamuziki waliunda kampuni yao, OMACO, wakawa wenye hisa. Chini ya Chinyama Chiyaza na saksafoni yake, bendi ile ilikuwa na nidhamu ya kazi ambayo mashabiki waliiona hata kwenye mavazi. Ukumbi wa White House pale Ubungo ulijaa. Kwa msomaji asiyewajua, "Karubandika" ni mlango mzuri. Fuatilia gitaa la solo, kisha urudie wimbo huohuo ukisikiliza safu ya tarumbeta na saksafoni peke yake.

Remmy Ongala naye alitoka Kongo, mzaliwa wa Kindu, akaja Dar mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy kabla ya kuingia Matimila. Vyombo vya Matimila vilikuwa vya mfanyabiashara, lakini maneno yalikuwa ya Remmy mwenyewe. Aliimba juu ya kifo, umaskini na ubaguzi bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Mwaka 1988 Super Matimila, kama bendi ilivyokuja kuitwa, walipanda jukwaa la tamasha la WOMAD huko Uingereza, na mwaka uliofuata ikatoka albamu ya "Songs for the Poor Man". Kisha akatoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukiteketeza familia, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu waliusikia hata hivyo, kumbini na kwenye kanda.

Kukataliwa na redio kulikuwa adhabu nzito, maana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara tulikuwa na redio moja tu, na studio yake ndiyo iliyorekodi karibu kila bendi. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka sahani alipanda basi la Nairobi, na wengine hawakurudi: ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, vijana wa Tanga, walivuka mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika.

Lazima niseme pia kwamba bendi ya binafsi haikuwa salama mikononi mwa mwenye fedha. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound, bendi yake mwenyewe, akaenda kuwanyakua Muhiddin Maalim, Hassani Bitchuka na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park ili aunde International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Muziki uliotoka ulikuwa mtamu, "Homa Imenizidia" ni shahidi. Ila wale wa Safari Sound ya kwanza walijikuta hawana kazi kwa uamuzi wa mtu mmoja.

Kwa vijana wanaopenda magitaa makali, kuna Sunburst. Walichanganya roki, soul na ngoma za kwetu, na albamu yao pekee, "Ave Africa", ilitoka mwaka 1976. Lebo ya Strut ya London iliitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao za kuanzia 1973, kwa hiyo ni rahisi kuipata kuliko nyingi nilizozitaja hapa. Ukiimaliza, tafuta "Bado Kidogo", ambayo Patrick Balisidya wa Afro 70, mtu wa Dodoma, aliirekodi na Waswidi wa Archimedes Badkar. Iache icheze hadi mwisho, usiruke wimbo, kisha urudi nyuma kwenye "Harusi" ya Afro 70 wenyewe.