Vyuma vya Mgongoni na Makosa Yaliyowafunza Madaktari

Mwaka 1941 kamati ya madaktari wa mifupa wa Marekani ilitoa ripoti iliyowakata maini wenzao. Ilikuwa imekagua wagonjwa 425 wenye uti wa mgongo uliopinda. Kati ya waliopasuliwa ili pingili zao ziunganishwe, karibu asilimia 70 walikuwa na matokeo ya wastani au mabaya.

Upasuaji huo ulianzishwa mjini New York na Russell Hibbs, aliyeutumia kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo mwaka 1911, na kwa mgongo uliopinda mwaka 1914. Alikwangua pingili na kulaza vipande vya mfupa juu yake, zishikamane jinsi mfupa uliovunjika unavyounga. Kisha mgonjwa alilala miezi mingi ndani ya plasta. Lakini mara nyingi pingili mbili tatu zilikataa kuunga. Mahali hapo palibaki panacheza, na kidogo kidogo mgongo ukarudi ulikokuwa.

Polio ndiyo iliyoleta chuma. Mjini Houston, Paul Harrington alipokea watoto ambao misuli yao ilikuwa imepooza na vifua vyao dhaifu mno kuvumilia plasta. Akabuni fimbo ya chuma yenye kulabu juu na chini. Upande mmoja ilichongwa meno, na kulabu ilipandishwa jino kwa jino kama jeki ya gari hadi mgongo unyooke. Mwanzoni hakuunganisha pingili, akaviachia vyuma kazi yote. Fimbo zikakatika, kulabu zikachomoka. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1962, alikuwa ameshajua kwamba chuma hushikilia kwa muda tu, na kwamba kazi ya kudumu ni ya mfupa.

Ndiyo maana fimbo iliyokatika miaka kadhaa baada ya upasuaji si ya kubadilishwa tu. Chini yake, mara nyingi, kuna pingili ambazo hazikuunga, au maambukizi yaliyojificha. Daktari hufungua tena, huondoa kovu, huweka mfupa mpya, mara nyingi kutoka nyongani, ndipo hufunga vyuma vipya.

Kosa la pili lilichelewa kuonekana, na kwangu ndilo linalohuzunisha zaidi, kwa sababu liliwapata waliodhaniwa kupona. Madaktari walikuwa wakiutazama mgongo kwa mbele. Fimbo ya Harrington iliunyoosha pamoja na mbonyeo wa kiunoni, ambao maumbile yameuweka ili kichwa kikae juu ya nyonga. Picha ya eksirei ilipendeza, mfupa uliunga barabara. Miaka ikapita, mgonjwa akaanza kuinamia mbele. Ili asimame wima ilimbidi akunje magoti, na ikifika jioni kiuno na mapaja vilikuwa vinawaka moto. Maelezo ya hali hiyo yalianza kuchapishwa miaka ya 1970.

Tiba yake ni nzito. Uti ulioganda hukatwa kabari upande wa nyuma, kisha hufungwa ili mbonyeo urudi. Njia hiyo Smith-Petersen wa Boston alikuwa ameshaieleza mwaka 1945, kwa migongo iliyokunjwa na baridi yabisi. Damu hupotea nyingi, na neva zinaweza kuumia.

Katika miaka ya 1980 Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset walileta fimbo mbili zenye kulabu nyingi, zinazokunjwa kufuata umbo la asili la mgongo. Dubousset pia alionya kuhusu watoto wadogo: ukiunganisha nyuma peke yake, mbele huendelea kukua na mgongo hujisokota upya.

Ewe uliyewekewa vyuma zamani, ukiona unainama mbele, au maumivu mapya yamekuanza, usikubali kuambiwa ni uzee. Omba picha ya mgongo mzima ukiwa umesimama, tena ipigwe ubavuni.