Asili ya Neno "Wrong"

Neno la Kiingereza "wrong" halikuzaliwa na maana ya kosa. Liliingia Kiingereza cha Kale kutoka lugha ya Waskandinavia, nalo lilimaanisha kilichopinda; ni ndugu wa "wring", yaani kusokota au kukamua. Kinyume chake, "right", asili yake ni kunyooka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya sheria ilipokea kwa Kifaransa neno "tort", ambalo shina lake la Kilatini ni kusokota vilevile. Basi wadaio kwamba Kiswahili hakifai kuelezea fikra dhahania, eti maneno yake yamefungamana na vitu vya kushikika, na walitazame neno "potoa". Maana yake ni kupinda, na kutokana nalo tumepata upotovu. Njia ni ile ile.