Usafishaji wa dhahabu

Usafishaji wa dhahabu ni kazi ya kutenganisha dhahabu na metali nyingine zilizochanganyika nayo. Hufanyika kwa gesi ya klorini, kwa asidi au kwa elektrolisisi.

Umuhimu

Dhahabu inayotoka migodini, kama ile ya Geita karibu na Ziwa Viktoria, huyeyushwa na kumiminwa kuwa mikuo ambayo bado ina fedha, shaba na metali nyingine. Soko la London halipokei mikuo yenye dhahabu chini ya asilimia 99.5. Anayeuza dhahabu ghafi humwachia mwingine kazi ya kuisafisha pamoja na faida yake.

Elektrolisisi

Njia hii ilibuniwa na mkemia Mjerumani Emil Wohlwill mjini Hamburg mwaka 1874. Kwa kawaida dhahabu iliyoyeyushwa hupulizwa kwanza klorini hadi kufikia usafi wa asilimia 99.5 hivi, kisha humiminwa kuwa bamba la anodi. Kathodi huwa bamba jembamba la dhahabu safi. Yote mawili hutumbukizwa katika myeyusho wa kloridi ya dhahabu na asidi hidrokloriki.

Umeme unapopita, dhahabu ya anodi hugeuka kuwa ioni na kwenda kuganda kwenye kathodi. Fedha huwa kloridi na kutuama chini. Shaba, platini na paladi hubaki katika myeyusho. Dhahabu inayopatikana ina usafi wa asilimia 99.99. Kasoro ya njia hii ni kwamba huenda polepole, na dhahabu nyingi hukaa muda mrefu ndani ya myeyusho.

Si kila metali husafishwa katika maji. Titani huhitaji chumvi zilizoyeyushwa kwa joto kali, kwa sababu katika maji hidrojeni hupokea elektroni kabla yake.

Mwanza

Mnamo Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza, chenye uwezo wa kusafisha kilogramu 480 kwa siku. Ni ubia kati ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) na kampuni za nje. Tangu Oktoba 2024 wanaouza dhahabu nje ya Tanzania wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu.