Sera ya Dhahabu na Mabadiliko ya Jamii: Mfano wa Nizi

Nizi, mji mdogo wa wachimbaji ulioko kaskazini ya Bunia, hautajwi sana vyuoni. Hata hivyo, mtafiti wa shahada ya uzamili au uzamivu atakaye kujua jinsi amri ya serikali inavyogeuza maisha ya watu hana budi kuutazama. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza 1905. Utawala wa Kibelgiji uliwashurutisha machifu kutoa vibarua, wapagazi na chakula. Hivyo hata mkulima ambaye hakupata kushika sururu alifungwa na mgodi. Mambo hayo yalichunguzwa na Bakonzi Agayo katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1982.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Zaire ilihalalisha umiliki na biashara ya dhahabu kwa raia. Aliyeitwa mwizi jana akawa mchuuzi. Lakini ardhi je? Sheria ya 1973 ilikuwa imekwisha kuifanya mali ya dola, na machimbo mengi ya Kilo yalibaki mikononi mwa shirika la OKIMO. Vita vya Ituri vilivyozuka 1999, ambavyo wengi huvieleza kwa ukabila wa Wahema na Walendu peke yake, havifahamiki pasipo sheria hizo.

Tasnifu ya Bakonzi inakomea mwaka 1960, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Mchimbaji wa Nizi, ambaye lugha yake ya sokoni ni Kiswahili, hana njia ya kumsahihisha mwandishi.