Bi. Bessemer, wanafunzi, na reli iliyokataa kufa

Najua majaribio yamebana kila kona, ila pumzikeni dakika tano niwape stori.

Mnakumbuka ule ubishi wetu wa semina kwamba historia inaendeshwa na wakubwa, sisi wengine ni abiria tu? Mimi nimepata mfano wa kuutia mchanga. Uko kusini mwa Uingereza, jimbo la Sussex, kwenye reli fupi inayopita kwenye misitu na mashamba. Inaitwa Bluebell, jina la ua la buluu lenye umbo la kengele linalotanda kwenye misitu ile kila masika ya kwao.

Reli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1882, kutoka Lewes hadi East Grinstead. Ni reli ya vijijini, na miaka ya 1950 shirika la reli la serikali, British Railways, likasema haina faida. Ilipangwa ifungwe katikati ya Juni 1955, ila wafanyakazi wa reli wakagoma, basi treni zikakoma mwishoni mwa Mei. Hata kuagana vizuri hakukuwepo.

Hapo ndipo anapoingia Bi. Madge Bessemer, mkazi wa kijiji cha Chailey. Babu yake ni yule Henry Bessemer aliyevumbua njia ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi na kwa bei nafuu, chuma kilichokuja kutandazwa kwenye reli kibao duniani. Bi mkubwa huyu hakurusha mawe wala hakulala relini. Alikwenda kusoma sheria! Akakuta sheria za Bunge za 1877 na 1878 zilizoruhusu reli ijengwe zinadai treni 4 kwa siku, na zikataja stesheni za kusimama. Shirika halikuwa na mamlaka ya kufunga kienyeji.

Jamani, soma sheria! Agosti 7, 1956 treni zikarudi. Ila zilirudi kwa kununa, na watu wakaziita hivyo hivyo, huduma ya kununa. Treni 4 tu, saa ambazo mtu wa kwenda kazini hazimfai, na stesheni ambazo hazikutajwa kwenye sheria, kama Barcombe na Kingscote, zikapitwa tu. Mwaka 1957 kukawa na uchunguzi wa hadhara, kisha Bunge likafuta kile kifungu. Machi 1958 reli ikafungwa tena, safari hii kisheria kabisa.

Kwa hiyo Bi. Bessemer alishindwa? Kwenye karatasi, ndiyo. Ila miaka ile mitatu ya mvutano iliifanya reli ya kijijini ijulikane nchi nzima, na naona bila hiyo wale waliofuata wasingepata pa kuanzia.

Waliofuata ni nani? Vijana, wengi wao wanafunzi! Machi 15, 1959 waliitisha mkutano mji wa Haywards Heath, kikaundwa chama cha kuiokoa reli. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa mtu mzima, Bernard Holden, mfanyakazi wa reli aliyezaliwa mwaka 1908 kwenye nyumba ya stesheni ya Barcombe, maana baba yake alikuwa mkuu wa stesheni pale.

Sasa sikilizeni hapa. Lengo lao la kwanza halikuwa makumbusho. Walitaka njia nzima irudi, watu wapande kwenda shughuli zao kama zamani. Haikuwezekana. Kuinunua yote walishindwa, na wenyeji wengi hawakuchangamka. Wakabadili mpango: wakodi kipande tu, kutoka Sheffield Park kuelekea Horsted Keynes, waendeshe treni za mvuke kwa watalii, na kazi wafanye wenyewe bila mshahara.

Agosti 7, 1960, miaka minne kamili tangu ile siku ya Bi. Bessemer, treni ya kwanza ikaondoka. Horsted Keynes kwenyewe hawakuruhusiwa kufika, na mwisho wa njia hapakuwa na pa kugeuzia. Dawa yake? Kichwa kimoja mbele, kingine nyuma! Kimoja kilikuwa Stepney, cha mwaka 1875. Wakati huo shirika lilikuwa linapeleka vichwa vya mvuke kwenye vyuma chakavu, na Agosti 1968 likaacha kabisa kuvitumia kwenye njia zake za kawaida.

Kazi ya kujitolea pale si ya kupigia picha. Anayetaka kuwa dereva anaanza kwa kusugua masizi, kisha anachochea moto kwa koleo la makaa, udereva baadaye sana. Na kuirefusha njia kulikuwa kazi ya kizazi kizima. Kingscote walifika 1994. Mbele yake, bonde la Imberhorne lililochongwa kupitisha reli lilikuwa limegeuzwa dampo la takataka. Ilibidi wachangishe hela na kuzoa taka zile, nyingine zikasombwa kwa treni. East Grinstead wakafika Machi 2013, na sasa njia ina kilomita 18 hivi. Mzee Holden alifariki 2012 akiwa na miaka 104. Miezi michache tu ilibaki...

Ila nisiwadanganye. Kile alichopigania Bi. Bessemer, mwanakijiji kupanda treni asubuhi kwenda kazini, hakikuokolewa. Ilikufa kama usafiri ikafufuka kama kumbukumbu. Rafiki yangu mmoja ananiambia basi hao wamecheza tu na treni. Mimi nasema hapana: mtoto anayesimama pale akasikia joto la moto ule anajifunza mapinduzi ya viwanda kuliko kwa kurasa kumi za notsi zangu, na nitakuja kuwa mwalimu, najua notsi zangu zilivyo, hehehe.

Wenzangu mnaonaje, kitu kilichobadilishiwa kazi kimeokolewa au la? Njooni semina na hoja, Jumatatu nawasubiri. Siku njema.