Fahamu: Neno 'mdalasini' limebeba jina la China

Ukiomba chai ya mdalasini Tandika au Tandale, unaitaja China bila kujua.

Neno hili asili yake ni Kiajemi: "dar chini". "Dar" ni mti, na "chini" hapa siyo ile ya sakafuni, bali "ya China". Yaani mti wa China.

Kiarabu hakina sauti "ch", hivyo Waarabu wakasema "dar sini". Biashara ya Bahari ya Hindi ikalileta neno pwani yetu, "r" ikageuka "l", tukaongeza "m" ya miti kama mkarafuu na mnazi. Likawa mdalasini. Wahindi wao husema "dalchini".

Je, kweli umetoka China? Inategemea unaonunua ni upi.

Kasia ndiyo asili yake China. Gamba lake ni nene, gumu, na ladha yake ni kali. Mdalasini halisi asili yake ni Sri Lanka, na hulimwa pia Zanzibar. Magamba yake ni membamba, yamekunjwa mengi kwa pamoja kama sigara, na huvunjika kirahisi.

Tofauti hii siyo ya jina tu. Kasia ina kemikali ya kumarini kwa wingi, ambayo ukiitumia sana kila siku inaweza kudhuru ini. Mdalasini halisi unayo kidogo mno.

Ukishasagwa, kwa macho huwezi kujua ni upi. Kama unautumia kila siku, nunua vijiti, usage mwenyewe.