Kabla ya Viza Palikuwa na Mwenyeji

Mwaka 1331, jahazi alilolipanda Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja katika nchi ya Maghribi, lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walilijia kwa mashua ndogo ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi tajiri mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu saa ile tajiri hakufikia nyumba nyingine ila ya mwenyeji wake, isipokuwa wale waliozoea kuja na kujuana na watu wa mji; naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia azitakazo, hata mauzo yaliyofanywa mwenyeji akiwa ghaibu yakahesabiwa batili. Kijana mmoja alipomnyoshea sahani Ibn Battuta, wasafiri wenzake Ibn Battuta walisema kwamba huyu si tajiri bali ni mtu wa elimu. Basi akawa mgeni wa kadhi.

Nimetangulia na kisa hiki kwa kuwa naiona viza, hiyo tunayoipangia foleni tangu alfajiri mbele ya balozi za watu, kuwa ni mrithi wa sahani ile. Mji ulitaka kujua mgeni ni nani, amefikia kwa nani, na ni nani atakayesimama naye likizuka jambo. Na maadamu palikuwa na mwenyeji wa kuyajibu hayo, hapakuwa na haja ya karatasi.

Penye jangwa na hofu ya vita, hali ilikuwa nyingine. Miaka mitano kabla ya hapo, msafiri huyo huyo alipita Qatya, katika njia itokayo Misri kwenda Shamu, ambako hapana aliyevuka kwenda Shamu bila ya hati ya Misri, wala aliyeingia Misri bila ya hati ya Shamu, kwa kuzihifadhi mali za watu na kwa kujihadhari na majasusi wa Iraki. Usiku ulipoingia, Mabedui waliokabidhiwa ulinzi waliusawazisha mchanga usibaki na alama yoyote, na asubuhi amiri akaja kuutazama. Akiona unyayo, huwaamrisha wamfuate mwenye unyayo mpaka wamlete. Na katika habari zake za China asimulia kwamba alipita sokoni pamoja na wenziwe, na waliporejea jioni wakakuta sura zao zimechorwa na kubandikwa ukutani, ili mgeni akitenda kosa na kutoroka atafutwe kwa sura yake.

Ulaya ilipofika karne ya kumi na tisa na kujaa reli, ulinzi wa namna hii ulilegea, na hadi mwaka 1914 mtu aliweza kuzunguka sehemu kubwa ya magharibi yake bila ya pasipoti, ingawa Urusi na Dola ya Uthmaniya ziliendelea kuidai. Vita Vikuu ndivyo vilivyoufunga mlango huo, kwa hofu ile ile ya majasusi. Na amani iliporudi, mlango haukufunguliwa tena. Oktoba 1920, Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano mjini Paris, na hapo ukapendekezwa mfano mmoja wa pasipoti, kijitabu cha kurasa 32. Wakimbizi wa Urusi, ambao hawakuwa na dola ya kuwaandikia kijitabu, walitengenezewa hati yao mwaka 1922 kwa juhudi za Fridtjof Nansen wa Norway, na katika historia yote ya karatasi hizi sijui tendo la utu lililopita hilo.

Neno viza asili yake ni Kilatini, na maana yake ni hati iliyokwisha kuonwa. Basi asidhani msafiri kwamba viza ni ahadi ya kuingia, kwani afisa wa mpakani ana mamlaka ya kuuliza upya na kukataa. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Nchi za Schengen huko Ulaya, ambazo mkataba wao wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1985, humruhusu mgeni wa muda mfupi kukaa siku 90 katika kila siku 180, na hapa wengi huteleza, kwa kuwa siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, na hesabu huanzia siku uliyo nayo ikirudi nyuma. Chanjo ya homa ya manjano nayo haichanjwi siku ya safari, kwa maana cheti chake huanza kukubaliwa siku ya kumi baada ya sindano, ila tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mtu.

Ndugu zetu waendao Ghuba kutafuta kazi wanamjua kafili, yaani mdhamini wao, na yule aendaye Ulaya kumzuru nduguye mara nyingi hutakiwa barua ya mwaliko: mwenyeji wa Mogadishu hajaondoka, amehamia katika karatasi. Barua hiyo, yenye jina, anwani na simu ya mwenyeji, msafiri aishike mkononi pamoja na tiketi ya kurudia, asiifungie katika sanduku lililoshushwa shehenani; kwani dirisha la uhamiaji hufikiwa kwanza, na swali la umefikia kwa nani huulizwa kabla sanduku halijaonekana.